Kitanda cha Bahia na Meza ya Akina Martin

Filamu ya Kifaransa iitwayo Le Nom des gens, yaani "Majina ya Watu", iliingia katika kumbi za sinema za Ufaransa tarehe 24 Novemba 2010, siku kumi tu baada ya kutangazwa baraza jipya la mawaziri ambalo halikuwa tena na ile Wizara ya Uhamiaji na Utambulisho wa Taifa iliyoundwa na Rais Nicolas Sarkozy mwaka 2007. Anayetaka kujua kwa nini kichekesho cha mapenzi kiliwagawa watazamaji wake kiasi kile na aanze na tarehe hiyo. Tangu Novemba 2009 waziri mhusika, Éric Besson, alikuwa amefungua mjadala wa kitaifa juu ya maana ya kuwa Mfaransa, wananchi wakialikwa kwenye mikutano iliyosimamiwa na wawakilishi wa serikali mikoani, na haukupita muda mjadala ukageuka kuwa baraza la kuwasema wahamiaji, hasa Waislamu. Oktoba 2010 ikatangazwa rasmi sheria ya kupiga marufuku kufunika uso hadharani. Katika joto hilo ndipo alipotokea mwanamke wa kubuniwa aliyedai kuwa ana dawa ya maradhi yote hayo, na kwamba dawa yenyewe hutolewa kitandani.

Mwanamke huyo ni Bahia Benmahmoud, aliyeigizwa na Sara Forestier. Baba yake, Mohamed, ni Mwaljeria aliyekulia katika vita vya ukombozi vya 1954 hadi 1962 na kupoteza jamaa zake humo. Mama yake, Cécile, ni Mfaransa aliyeupa kisogo ukoo wake wenye nafasi akawa mtu wa maandamano. Kwa macho ya Bahia, kila aliye upande wa kulia wa siasa ni fashisti, na fashisti habishwi kwa hoja. Hulala naye, na katika ile nukta ambayo mwanamume hana nguvu ya kupinga lolote ndipo anapomnong'oneza siasa yake. Wenye vichwa vigumu huhitaji siku zaidi, lakini yeye anaapa kwamba wengi wamesilimu, kwa maana ya kuhamia mrengo wa kushoto.

Arthur Martin, aliyeigizwa na Jacques Gamblin, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Yeye ni mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko ya wanyama. Huchunguza mizoga ya ndege na kuwahimiza watu wachukue tahadhari, kazi ambayo Mfaransa hakuhitaji kuelezwa baada ya mafua ya ndege kuingia nchini mwake Februari 2006. Jina lake ni la kawaida mno. Martin ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi Ufaransa, na Arthur Martin ni chapa maarufu ya majiko, hivyo kila anapojitambulisha huulizwa kama ni ndugu wa majiko hayo. Hakuna jina lililo salama kuliko hilo, na chini yake amefichwa mama yake, aliyezaliwa akiitwa Cohen, jina la Kiyahudi, ambaye wazazi wake walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, naye akiwa mtoto akasalimika kwa kufichwa chini ya jina lisilo lake. Nyumbani kwa akina Martin jambo hilo halitajwi.

Ninafundisha Kifaransa kwa watu wazima, madarasa ya jioni, hapa Mombasa, na filamu hii nimeitazama na marafiki nyumbani kwangu na, kwa vipande vilivyochaguliwa kwa uangalifu, pamoja na wanafunzi wangu. Nimesikiliza pia Wafaransa wakiibishania. Ubishi mwingi juu yake huzunguka kitanda cha Bahia, ilhali mimi naona kilicho kizito zaidi kiko kwenye meza ya chakula ya wazazi wa Arthur.

Kwa watazamaji wa mrengo wa kushoto, filamu hii ilikuwa faraja. Ili kuelewa faraja hiyo lazima mtu arudi kwenye jioni ya tarehe 21 Aprili 2002. Lionel Jospin, msoshalisti aliyekuwa waziri mkuu tangu 1997, alipata asilimia 16.18 katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa rais, huku Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akipata asilimia 16.86. Tofauti ilikuwa chini ya kura 200,000, katika uchaguzi uliokuwa na wagombea 16, kadhaa wao wakigombania kura zile zile za kushoto. Jospin alitangaza usiku huo huo kwamba anajitoa katika siasa, na wapiga kura wake wakalazimika kumpigia Jacques Chirac, hasimu wao wa siku zote, ambaye alishinda kwa asilimia 82. Arthur ni mfuasi wa Jospin hata baada ya hapo, jambo ambalo peke yake ni mzaha. Basi siku moja kengele ya mlango inalia, na aliyesimama mlangoni ni Lionel Jospin mwenyewe, si mwigizaji aliyefanana naye, ameletwa na Bahia kama zawadi.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu kipande hicho, walisubiri kwa adabu nimalize kucheka, kisha mmoja akauliza kama yule mzee ni jirani. Si kosa lao, kwa kuwa huo ni mzaha unaohitaji uchaguzi mzima kuuelewa. Rafiki yangu mmoja Mfaransa, ambaye mwaka 2002 alipiga kura kwa mara ya kwanza na kumpa mgombea mwingine wa kushoto akidhani angemrudia Jospin katika raundi ya pili, aliniambia kwamba pale ukumbini alicheka kama mtu anayelipa deni. Tafsiri yake ni kwamba filamu nzima ni msamaha wanaopeana watu wa kushoto. Siipingi, ila naona inawapendeza wenyewe kupita kiasi. Inamfanya mtazamaji wa upande huo aamini kwamba filamu iko naye, wakati Bahia, anayemwita fashisti kila asiyekubaliana naye, amechorwa kuwa mjinga wa siasa tangu mwanzo, naye Arthur kuwa mwenye msimamo usio na meno.

Watazamaji wengine, wanawake wengi miongoni mwao, waliudhika, na sababu zao si za kupuuzwa. Forestier alizaliwa 1986, Gamblin 1957. Kati ya waigizaji hawa wawili kuna karibu miaka 29, na kamera haichoki kuutazama mwili wa aliye mdogo. Siasa ya Bahia inategemea dhana kwamba silaha ya mwanamke ni mwili wake. Jambo ambalo sijamsikia mtu akiligusia ni kwamba wanawake wa mrengo wa kulia hawamo kabisa katika kampeni yake, kana kwamba wao hawapigi kura. Wanaoitetea filamu hujibu kwamba mwongozaji, Michel Leclerc, aliiandika pamoja na Baya Kasmi, mwenzi wake wa maisha, kwamba wote wawili walichota katika historia za familia zao, na kwamba katika tuzo za filamu za Ufaransa ziitwazo César, mwaka 2011, Forestier alitambuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike na waandishi hao wawili wakapata tuzo ya mswada bora wa filamu usiotokana na kazi nyingine. Utetezi huo unafika nusu ya njia. Kuna jambo lisilofutwa na tuzo: Bahia alidhulumiwa utotoni na mwalimu wake wa piano, na filamu inaunganisha dhuluma hiyo na namna anavyoutumia mwili wake kwa wepesi wa mtu anayeharakisha kufika kwenye kichekesho kinachofuata. Hapo niko pamoja na walioudhika.

Kuhusu tukio la Bahia kutoka nyumbani akiwa amesahau kuvaa, hadi akajikuta uchi ndani ya treni ya chini ya ardhi mbele ya mume na mke Waislamu, mke akiwa amejisitiri, sina mengi ya kusema. Darasani nililiruka, kama mwalimu yeyote wa pwani hii mwenye akili angefanya. Nyumbani, marafiki zangu waligawanyika: mmoja aliona wanawake wawili waliotazamwa kwa jicho moja baya, mwingine akaona mwanamke aliyejisitiri ametumiwa kama pambo ili uhuru wa mwenzake uonekane. Nadhani wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu yule mke hapewi neno hata moja.

Sasa nije kwenye meza. Arthur anampeleka Bahia kwa wazazi wake, na kabla ya kuingia anamwonya yasiyopaswa kutajwa. Baba, Lucien, ni mhandisi mstaafu aliyefanya kazi katika vinu vya nyuklia, mwenye kipaji cha ajabu cha kununua kila mtambo ambao soko litauacha baada ya mwaka mmoja. Mama, Annette, ni mwanamke mpole anayezungumza kwa sauti ya chini. Chakula kinapakuliwa, na Bahia, ambaye hajawahi kunyamaza maishani, anajitahidi. Lakini mazungumzo ya kawaida kabisa yanateleza kila mara kuelekea lile lililokatazwa. Kadiri anavyolikwepa ndivyo linavyomjia mdomoni, na Arthur anakauka kitini mwake. Mfaransa anacheka huku amejishika shavu, kwa sababu anajua kila neno linaelekea wapi.

Darasa langu halikucheka. Nilisimamisha filamu, nikawaeleza kwamba tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Kifaransa, si Wajerumani, waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000 Paris na vitongoji vyake. Kwamba kutoka Ufaransa walisafirishwa kwa treni kwenda kambini watu wapatao 76,000 na waliorudi hawakufika hata 3,000. Na kwamba rais wa kwanza kukiri hadharani kuwa dola ya Ufaransa ilihusika alikuwa Chirac, Julai 1995, miaka 53 baadaye. Niliongeza kwamba vita vya Algeria navyo viliitwa rasmi kwa majina mengine, "operesheni" na "matukio", hadi bunge lilipopitisha sheria mwaka 1999 ya kuviita vita. Kisha nikaionyesha meza ile tena tangu mwanzo.

Safari hii wachache walicheka, na kicheko chao kilikuwa kifupi. Kuna bibi mmoja mstaafu darasani ambaye wote humwita Bi Mkubwa, na yeye mwenyewe ameridhia. Alisema: "Mwalimu, sisi yetu haikuwa treni, ilikuwa mashua." Familia yake ilitoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Yeye alizaliwa Mombasa, na mpaka anaolewa hakuwahi kuambiwa ni nani aliyebaki kule na kwa nini. Redio ikitaja Unguja, baba yake alikuwa akiinuka kwenda kutazama kama maji ya chai yamechemka, hata kama jikoni hapakuwa na moto. Kijana mmoja anayefanya kazi ya kuongoza watalii akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa heshima, "Shikamoo kwanza, bibi, maana nataka kusema jambo ambalo huenda lisikupendeze." Kwao, akasema, kisichotajwa ni cha kabla ya hapo. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa wa watu kwenye shamba moja upande wa Malindi, na katika ukoo mzima hakuna anayelitaja jina la shamba hilo, ingawa wote wanajua liko wapi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Sikuwa nimepanga somo liende huko. Lakini hapo ndipo niliona jinsi filamu ilivyojengwa. Mohamed Benmahmoud naye ni mtu asiyesema. Anatengeneza vitu vya watu vilivyoharibika, anamsaidia kila anayemwomba, na haulizwi chochote. Yeye na Annette, wazazi wawili wa pande mbili zinazodhaniwa kuwa hazielewani, wana mwenendo mmoja. Bahia ndiye mwenye makelele, na anapogundua kwamba Arthur ana asili ya Kiyahudi anafurahi, kana kwamba mpenzi wake amevishwa nishani. Kwa Bahia, jeraha la ukoo ni hadhi. Arthur hataki kulitumia wala hajui aliweke wapi. Mtazamaji anayeiona filamu kuwa ugomvi wa kushoto na kulia atamwona Mohamed kama mhusika wa pembeni. Bi Mkubwa ndiye aliyemtazama kuliko wote.

Kuna hoja moja ya Bahia ambayo watazamaji wengi wa Ulaya huipokea bila kuipinga, hata wale waliochukizwa na mbinu zake: kwamba watu wakichanganyika damu vya kutosha, ubaguzi utakosa pa kushika. Mtu aliyekulia pwani hii ana haki ya kukunja uso. Hapa kwetu watu wa bara, wa visiwani, wa Hadhramaut, wa Oman, wa Uajemi na wa Bara Hindi wameoana kwa karne nyingi, na matokeo yake hayakuwa kwamba swali la ukoo lilitoweka. Lilizidi kuwa jembamba na kali. Nani mwungwana, nani wa kuja, nani anamwoa nani, nani si kufu ya nani: watu waliofanana rangi na lugha walipangwa madaraja kwa makini makubwa. Katika Zanzibar ya Waingereza, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana, si kwa sababu walikufa, bali walihamia majina mengine yenye heshima zaidi au yasiyonuka utumwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa mchele ulitegemea mtu ameandikwa kabila gani. Annette Cohen angeielewa hesabu hiyo mara moja.

Visiwa hivyo hivyo viliwahi kujaribu nadharia ya Bahia kwa amri. Serikali ya mapinduzi ilitaka ndoa za mchanganyiko ziwe njia ya kuvunja ubaguzi, na mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Uajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, tendo ambalo habari zake zilienea duniani na kuiaibisha Tanzania nzima. Najua fika kwamba kuna umbali mkubwa kati ya msichana aliyelazimishwa na Bahia anayekwenda kwa hiari yake. Lakini wote wawili wanaingizwa katika hesabu moja, ile inayouona mwili wa mtu kuwa chombo cha kurekebishia taifa, na wanaume wa Bahia nao hawaambiwi mapema kwamba wanarekebishwa. Sisemi kwamba Leclerc na Kasmi walipaswa kuijua Zanzibar. Ninachosema ni kwamba hoja inayopita kwa upole Paris haiwezi kupita hapa bila kuulizwa maswali.

Kwa haki yao, waandishi hao wanaonekana kuishuku hoja ya Bahia kuliko watazamaji wao. Arthur na Bahia hawaunganishwi na damu yao. Wanaachana, na wanaporudiana ni kwa sababu kila mmoja ameanza kumsikiliza mwenzake, jambo ambalo kwa vichekesho vya mapenzi ni la kawaida mno na halihitaji nadharia yoyote.

Majina yenyewe yana historia ndefu katika sheria za Ufaransa. Tangu 1803 mzazi alitakiwa kuchagua jina la mtoto kutoka kalenda za watakatifu au watu wa historia ya kale, na ingawa masharti hayo yalilegezwa polepole, uhuru kamili wa kuchagua ulikuja 1993. Hadi leo mgeni anayepewa uraia anaweza kuomba jina lake ligeuzwe la Kifaransa. Na ni kuanzia Januari 2005 tu ambapo mtoto anaweza kupewa majina ya ukoo ya wazazi wote wawili. Bila sheria hiyo ya mwisho filamu isingeweza kumalizika inavyomalizika, kwani Arthur na Bahia wanapata mtoto wa kiume na kumwita Chang Martin-Benmahmoud, ili yeyote anayelisikia jina hilo asiweze kubahatisha mwenyewe ametoka wapi.

Marafiki zangu nyumbani walilipigia makofi jina hilo. Darasani mambo yalikuwa tofauti, na nadhani najua sababu: walioketi mbele yangu ni Wakenya, na Mkenya aliyekuwa na umri wa kuelewa mwanzoni mwa 2008, vitambulisho vilipokuwa vikidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kusoma jina la pili, halichukulii jina kama fumbo la kuchekesha. Yule kijana wa watalii alisema kwamba Chang hatakuwa ameepuka swali lolote. Ataulizwa maisha yake yote amefika lini kutoka China. Bi Mkubwa akamjibu kwamba bora kuulizwa swali ambalo una jibu lake jepesi, na kwamba laiti baba yake angekuwa na swali la namna hiyo asingekuwa akikimbilia jikoni. Wakabishana hadi saa mbili usiku, kwa Kiswahili, na zoezi la vitenzi vya wakati uliopita likaahirishwa hadi Alhamisi.